Mshika Mkia wa Kamba

Inasimuliwa na waliopokea kutoka kwa wazee wao kwamba katika milima ya nchi ya Sham palikuwa na mji uitwao Harqala, na katika mji huo aliishi bibi mmoja mchamungu, Atika binti Shaddad, Mwenyezi Mungu amrehemu na alitie nuru kaburi lake. Hakuwa mwanachuoni, wala hakuacha kitabu nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kushika kamba.

Asicheke mtu. Mawe ya kujengea yalichimbwa kileleni, na mji ulikuwa bondeni. Wavutaji walipolitoa jiwe shimoni waliyapaka magogo ya njia shahamu ya kondoo, lipate kuteleza. Kulishusha ilikuwa kinyume chake: shahamu ilifutwa, mchanga ukamwagwa njiani, na kamba nene iliyofungwa kwenye jiwe ikazungushwa mara tatu kwenye kisiki cha mzeituni kilichokuwa juu ya mteremko, kila mzunguko kwa Bismillahi yake. Mkia wa kamba ulishikwa na mtu mmoja tu, akiulegeza shibiri kwa shibiri. Hivyo jiwe lililowatoa jasho wanaume arobaini lilizuiwa na mikono miwili, kwa kuwa kamba iliusugua mti na mti ukaisugua kamba, na Mola akatia nguvu katika kule kusuguana. Babu yake Atika aliushika mkia huo, akaushika baba yake, na baba alipofariki bila mtoto wa kiume, akaushika yeye. Watu walimwita Mshika Mkia, naye jina hilo lilimkaa vizuri kuliko shela la hariri.

Mwaka mmoja Harqala ilijenga msikiti mpya, na likabaki jiwe moja tu, kizingiti cha mlango mkuu. Liwali wa mji, bwana Nufail, alikuwa amemwalika Amiri wa jimbo aje kuufungua siku ya Idi. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kwa mchanga na kamba, jiwe lingefika kwa siku tano.

"Pakeni shahamu mpaka chini," akaamuru Liwali. "Litafika kabla ya adhuhuri."

Wavutaji wakatazamana, wakainamisha vichwa. Katika mji ule neno la Liwali lilipita kama maji kwenye mfereji, halikukwaruza popote. Atika peke yake ndiye aliyesema, "Sitaruhusu, ewe Liwali. Chini ya mteremko kuna kichochoro cha wafinyanzi."

"Unaizuia nyumba ya Mwenyezi Mungu?"

Neno hilo lilimchoma. Atika alikuwa mtu wa kuswali na kufunga, na hakuna alichokiogopa kama kusimama kati ya Mola na nyumba yake. Alijihoji nafsini kama ni haki anayoitetea au ni kiburi cha ukoo wake. Kisha akasema, "Nyumba ya Mungu haihitaji kukanyaga nyumba ya mja ili ifike."

Liwali akacheka kwa hasira. "Tangu leo wewe si mshika mkia. Idi ikipita, kisiki hicho nitampa mwingine."

Na watu, Mungu awasamehe, walimcheka. Bishri mfinyanzi, ambaye nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya mteremko, alimpigia kelele kutoka mlangoni, "Mama wee, mkaidi hafaidi ila siku ya Idi!" Atika aliingia ndani kwake akalia siku ile nzima, kwa maana kazi ile ndiyo urithi wake wote, na bila hiyo hakujua yeye ni nani.

Kesho yake asubuhi, wavutaji wakipaka shahamu njiani, alijifuta machozi, akachukua kikapu, akaenda kwenye mto mkavu kuchota mchanga. Alikwenda na kurudi mara nyingi, akaumwaga juu ya magogo ya mwisho, pale ambapo njia inakabili kichochoro. Hakuna aliyemsaidia. Kisha akapanda hadi kileleni, akailowesha kamba yake maji, akaifunga kwenye jiwe, akaizungusha kwenye kisiki si mara tatu, bali mara saba.

"Mwacheni," akasema Liwali. "Ashike, kama mtoto anayeshika mkia wa ng'ombe."

Jiwe likaachiliwa.

Wasimulizi wanasema halikuteleza, liliruka. Wavutaji walitupa kamba zao wakakimbia. Iliyobaki ni kamba moja, na kisiki kimoja, na mwanamke mmoja. Kamba ililia, ikafuka moshi kwenye mzeituni, ikamvua Atika ngozi ya viganja. Hakuiachia. Alisema "Ya Latifu, ya Latifu," akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na jiwe likaanza kupunguza mwendo likikataa na kukubali, mpaka likaingia kwenye mchanga wake wa kikapu. Hapo likasaga, likanguruma, likasimama. Lilisimama dhiraa mbili kutoka mlango wa Bishri, na ndani ya mlango huo mkewe alikuwa akikanda udongo.

Jioni Liwali alimwendea Atika nyumbani, akamkuta mikono imefungwa vitambaa. Hakuwa na sauti ya jana. "Mama Atika, Amiri akifika ataliona jiwe kichochoroni naye atauliza. Sema kwamba kamba na mchanga viliwekwa kwa amri yangu. Nami nitakirudisha kisiki kwako na kwa kizazi chako milele."

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani wake, ndugu zangu, si pale mlimani. Jambo alilolililia siku nzima liliwekwa mbele yake kwa bei ya neno moja. Akasema, "Mkono huu umeungua kwa kukataa. Siwezi kuuambia kwamba ulikuwa ukitii."

Siku ya Idi Amiri alifika, akalikuta jiwe limeziba kichochoro, na moshi umepiga kisiki alama nyeusi. Akauliza, "Nani alilizuia?"

"Lilizuiwa kwa amri yangu," akasema Liwali.

Mji ukanyamaza kama ulivyozoea. Amiri akaitazama mikono ya Atika. "Ni kweli, mama?"

"Si kweli, ewe Amiri. Aliamuru shahamu. Lakini nami nina kosa. Siku ya kwanza ningeweza kuwaonya wafinyanzi mlango kwa mlango, nikakaa ndani nikililia kazi yangu. Siku hiyo ni deni langu kwa Mola."

Ndipo Bishri akatoka mbele ya watu, machozi yakimchuruzika ndevuni. "Amesema kweli, ewe Amiri, nami nilimcheka. Liwali nilimwogopa." Baada yake mvutaji mmoja akasema, "Na mimi nilipaka." Kisha wa pili, kisha wa kumi, mpaka wote arobaini wakakiri, na Liwali akabaki akiitazama ardhi.

Amiri hakumpiga wala hakumfunga. Alimpa kikapu. Inasemekana Liwali Nufail, kwa kanzu yake ya Idi, alichota mchanga kutoka mto mkavu na kuumwaga njia nzima iliyobaki hadi msikitini, na kwamba tangu siku hiyo alipenda kuulizwa, "Una hakika, bwana?" Naye Atika alirudi kwenye kamba, mikono ikiwa bado na vitambaa, Bishri akiwa nyuma yake kumsaidia kuushika mkia.

Kizingiti kilipowekwa, mafundi walitaka kukisugua king'ae kama kioo. Atika akawakataza. "Kiacheni na makwaruzo yake. Wazee watakikanyaga na miguu yenye maji ya udhu." Wakakiacha, na kila aliyeingia kuswali alilihisi jiwe likimshika wayo.

Enyi mlioamini, tusimchukie anayetukwaruza kwa haki. Wengi wa kututelezesha tunao. Mola atujaalie kila mji uwe na mmoja wa kushika kamba, na atupe moyo wa kusimama nyuma yake kabla moshi haujafuka.