Mshubiri wa Mlangoni

Sogeeni, wanangu, hadithi inapita. Ikipita, ikamateni!

Hapo kale palikuwa na Mwanahawa, binti aliyefiwa na mama yake. Babake, Shomari, alikuwa mtu wa safari, na mama wa kambo, Bi Rukia, alikuwa na roho ngumu. Akikasirika, humchoma binti kwa kijinga cha moto. Kisha hukata jani la mshubiri uliopandwa mlangoni, akampaka utomvu, na ngozi ikarudi laini. Shomari akirejea, haoni hata kovu.

Bi Rukia akamchoma mkono, mshubiri ukaponya. Akamchoma mgongo, mshubiri ukaponya. Akamchoma shavu, mshubiri ukaponya, kisha ukasema:

“Mwanahawa, maumivu yako yote ninayo mimi, na sasa nimejaa. Nimpe nani?”

“Mpe aliyenichoma,” binti akajibu.

Papo hapo Bi Rukia akapiga ukelele. Mkono ukababuka, mgongo ukababuka, shavu likababuka. Akakata majani, akajipaka, na kila alipojipaka pakazidi kuungua, mpaka akaanguka akafa.

Shomari akaingia, akamkuta mkewe chini, majani ya mshubiri bado mkononi.

“Mti huu wa kichawi umeniulia mke!” Akaung'oa, akautupa jikoni motoni.

“Baba, usiuchome!” Mwanahawa akalia.

Mizizi iliposhika moto, majeraha yote ya binti yaliyopona yakafumuka kwa pamoja. Ndipo Shomari akayaona. Akachota jivu la moto la mshubiri kwa viganja vyake, akampaka mwanawe, akampaka tena. Jivu halikuponya kitu.

Aliyesikia kasikia, mie nimefunga kinywa.