Tanga la Tupokigwe

Mngoja upepo hushona tanga. Hayo ndiyo maneno ambayo mama yenu mdogo alimwambia Lugano asubuhi hii, alipomkuta amelala chali sebuleni akingoja majibu ya mtihani kama mgonjwa anayengoja uji. Nanyi mkacheka, halafu mkaja kuniuliza tanga limeingiaje kwenye mtihani. Vizuri. Ketini niwaambie, ila kila mmoja achukue ungo. Maharage haya yana mawe, na mimi sisimulii watu wenye mikono mitupu. Wewe Lugano, chukua ule mkubwa.

Maneno hayo yalizaliwa huku kwetu, kando ya Ziwa Nyasa, enzi ambazo barabara ilikuwa haijafika na kila kitu kilipita majini. Alikuwepo mwanamke wa Kikisi akiitwa Tupokigwe. Wakisi mnawajua: wanawake wanafinyanga vyungu, wanaume wanavipeleka masokoni kwa mitumbwi ya tanga. Tupokigwe alifinyanga kama wenzake, lakini mumewe Ambakisye hakupenda kusafiri peke yake, kwa hiyo alimchukua mkewe, na miaka kumi na mmoja walikwenda pamoja. Mwanamke akajua kushika usukani, akajua kupandisha tanga na kulishusha. Watu walisema maneno yao. Wao wakaendelea na safari zao.

Kisha Ambakisye akapatwa na homa wakati alipokuwa kwenye kijiji cha mbali upande wa kusini. Safari hiyo Tupokigwe alikuwa amebaki nyumbani na mtoto mgonjwa. Mume akafa kulekule. Mwili wake uliletwa kwa mtumbwi wa watu wengine, na mtumbwi wake ukabaki ufukoni kwa wageni.

Sasa sikilizeni desturi ya mahali pale. Chombo cha marehemu hakikugawanywa kama shamba. Kilikuwa cha yule wa nyumba yake atakayekirudisha nyumbani peke yake, kwa tanga, kabla msiba haujaondolewa. Na msiba uliondolewa mwezi mpya ulipoandama. Wazee walipokaa kulisema jambo hilo, kila mtu alimtazama Asegelile, mdogo wa marehemu. Tupokigwe akasimama katikati ya wanawake akasema, "Nitakwenda mimi."

Asegelile hakuwa mtu mbaya. Mniamini, maana hadithi hizi hupenda kuwa na shemeji mwenye roho ya kutu. Alikuwa mvivu kidogo, mwenye maneno mengi, na aliutaka ule mtumbwi. Akasema, "Wazee wangu, huu ni msimu wa mwera. Mwanamke peke yake ziwani? Mnataka tuzike wawili mwaka mmoja?"

"Nina watoto wawili, shemeji," Tupokigwe akamjibu. "Bila mtumbwi vyungu vyangu vitaozea uani. Nikikupa wewe, kila nikitaka kwenda sokoni nitakuja kupiga hodi kwako. Siwezi kuishi kwa hodi."

Mzee wa kikao akakata shauri. Asegelile ampeleke shemeji yake huko kusini kwa mtumbwi wake mwenyewe, kisha awe shahidi. Asiguse chombo cha marehemu, wala asimruhusu mtu mwingine kukigusa. Mwanamke akikifikisha peke yake kabla mwezi mpya haujaonekana, ni chake. Akishindwa, ni cha Asegelile.

Wakaondoka alfajiri, wakapiga makasia kufuata ukingo wa milima, wakafika siku ya pili. Na kesho yake mwera ukaanza.

Mwera ni upepo wa kusini. Ukija taratibu unakusukuma hadi nyumbani huku umekaa. Ukija kwa hasira unainua mawimbi ya kuvunja mtumbwi vipande. Siku ile ulikuja kwa hasira. Tupokigwe alisimama ufukoni, maji yakimrukia magotini, akajua kwamba leo hakuna safari. Akaokota kokoto moja akaiweka juu ya jiwe kubwa.

Watu wa ziwa wana hesabu yao: mwera huvuma siku tatu, usipokoma huvuma tano, usipokoma huvuma saba. Basi kila asubuhi aliweka kokoto, akarudi kukaa kwenye kibanda cha bibi mmoja mfinyanzi, Bibi Ikupa, aliyempa mahali pa kulala. Kokoto tatu. Tano. Saba. Alikaa mlangoni akitazama maji tangu kunapokucha hadi jua linazama, akiwakumbuka wanawe na kuhesabu siku za mwezi. Alikuwa na hofu, na hofu ilimchosha kuliko kulima. Asegelile naye alikuwa amelikunja tanga lake likiwa bado na maji, akalifanya godoro kwenye kibanda cha jirani. Alilala sana.

Siku ya nane asubuhi ziwa lilitulia. Tupokigwe alipiga kelele ya furaha. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliusukuma mtumbwi wa mumewe majini, akapandisha tanga lililokuwa limefungwa kwenye mlingoti tangu Ambakisye alipougua, akaondoka.

Hakufika mbali. Alipotoka tu nyuma ya rasi, upepo wa kweli ukamkuta. Tanga likajaa, likatoa sauti moja, likapasuka kutoka juu hadi chini. Kitambaa kilikuwa kimeoza kwenye mishono. Kilikuwa kimeoza siku zote saba alizokaa mlangoni, mita hamsini kutoka pale. Akapiga kasia mpaka viganja vikatoka damu, akarudi ufukoni mchana akiwa amelowa chapachapa, na mwera ukaanza upya.

Asegelile alikuwa amesimama pale. Hakumcheka. Alisema, "Shemeji, ziwa limekwambia. Turudi kwa miguu kupitia milimani. Hakuna atakayekulaumu."

Tupokigwe aliketi mchangani akalia mbele yake bila kuficha, kwa sababu ya mumewe, kwa sababu ya viganja, na zaidi kwa sababu kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Jioni alimkuta Bibi Ikupa akilainisha mdomo wa chungu kibichi. Bibi yule hakuwa mtu wa kubembeleza. Akamuuliza, "Mwanangu, wewe si mfinyanzi?"

"Ni mfinyanzi, bibi."

"Chungu hiki nimekifinyanga leo. Nikichome leo?"

"Kitapasuka. Lazima kikauke kwanza."

"Kitakauka siku ngapi?"

"Inategemea jua. Siku nne, siku sita. Nani ajuaye?"

"Na hizo siku ambazo hujui idadi yake, kwenu mnafanya nini? Mnakaa mnakitazama?"

Tupokigwe akasema polepole, "Tunakusanya kuni."

"Basi," alisema Bibi Ikupa, akageuza chungu upande wa pili. "Mimi nilidhani kwenu hamkufundishwa."

Kesho yake Tupokigwe alikwenda kwenye lile jiwe, akazipangusa kokoto zote zikaanguka majini. Akaomba kuonyeshwa mahali pa kuchimba udongo. Kwa siku tano alifinyanga vyungu vyake mwenyewe, na vilipokuwa vikikauka alipanda mlimani kukata kuni. Alipovichoma, akavipeleka kwa watu wa kijiji, akabadilishana navyo: kwa huyu magunia mazuri, kwa yule uzi wa katani, kwa mrina asali donge la nta. Sindano ya magunia aliipata kwa chungu kikubwa kuliko vyote, na mwenye sindano alijiona amepunjwa. Hakuna alichopewa bure, maana shahidi alikuwa akitazama.

Halafu akaanza kushona. Alifumua tanga lote, mshono kwa mshono. Kitambaa kilichooza alikitupa, akatia gunia mahali pake. Uzi aliupitisha kwenye nta, akashona mara mbili kila mahali, akavuta kwa meno. Uzi ulipomkata vidole alivifunga kitambaa akaendelea. Alipomaliza tanga akahamia kwenye kamba, akakuta mbili zimelika, akasokota mpya. Akatoa maji yote yaliyojaa mtumbwini, akakagua mbao, akaziba ufa mmoja kwa nta iliyobaki. Upepo ulivuma siku hizo zote, tena kwa nguvu, na yeye hakuwa na wakati wa kuutazama.

Asegelile alikuja kumtembelea mara kwa mara, akichokonoa meno kwa kijiti.

"Shemeji," alimwambia siku moja, "unashona tanga na upepo wenyewe wa safari haupo! Umeona wapi mtu anapika mboga kabla hajavua samaki?"

"Upepo ukija hautanisubiri nitafute sindano," alisema Tupokigwe bila kuinua macho. "Lako umelitazama?"

"Langu? Langu zima kabisa. Nalilalia kila siku."

Ikafika siku ya ishirini na sita ya mwezi ule. Usiku mwezi ulikuwa umebaki ukucha tu. Alfajiri Tupokigwe alitoka nje akasikia kitu kigeni: mawimbi yalikuwa yakinong'ona. Safari hii hakupiga kelele. Alilowesha kidole akakiinua, akapima. Akatembea hadi ncha ya rasi kutazama maji ya mbali, akayakuta yana mikunjo midogo, hayana povu. Mwera wa upole. Akarudi, akamshika Bibi Ikupa mikono yote miwili, akausukuma mtumbwi. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza wala cha kutafuta. Jua lilipotokeza juu ya mlima, alikuwa tayari ameipita rasi.

Asegelile aliamshwa na watoto wa kijiji. Alikimbia, akalikunjua tanga lake. Lilikuwa limeota ukungu mweusi, limegandamana, na panya walikuwa wamejifanyia kiota kwenye kona aliyozoea kulia ugali. Alipolivuta kwa nguvu, likaachana mikononi mwake. Alisimama na vipande viwili, kimoja huku kimoja kule, akitazama tanga la shemeji yake likiwa dogo kama jani.

Safari ya Tupokigwe haikuwa ya kukaa tu. Mchana upepo uliongezeka, mtumbwi ukainama, na kwa muda mrefu macho yake hayakutoka kwenye mishono. Kila mmoja aliujua: huu niliushona siku mkono ulipovimba, huu niliushona nikimkumbuka mwanangu mdogo. Tanga lilijaa hadi likalia. Akasema kwa sauti, peke yake katikati ya maji, "Shika. Nimekushona mara mbili, shika." Likashika. Jioni watoto wake walikuwa wakioga ufukoni, wakaliona tanga lenye viraka vya magunia, wakaanza kukimbia ndani ya maji kabla hawajauona uso wake.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Mwezi mpya uliandama siku ya tatu, msiba ukaondolewa, na mtumbwi ukabaki umefungwa pale ufukoni kama mbuzi wa kesi. Shahidi hakuwepo. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke hawezi, bila shaka kuna mwanamume alimleta akashukia njiani. Wazee wakasema, "Tumngoje Asegelile. Atakalosema ndilo." Tupokigwe alizisikia habari hizo akajua kwamba kazi yake yote sasa iko kwenye ulimi wa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayeutaka mtumbwi.

Asegelile alifika siku sita baadaye, tanga lake limeshonwa ovyo ovyo kwa kamba za migomba. Wazee walimketisha hata kabla hajanywa maji. Tupokigwe alisimama pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Asegelile," mzee wa kikao akamuuliza, "kuna mtu aliyemsaidia?"

Alitazama mtumbwi, na ulikuwa mtumbwi mzuri, kisha akatazama vidole vya shemeji yake vilivyojaa makovu ya uzi.

"Hakuna," alisema. "Aliondoka peke yake, nami nilimwona mpaka akapotea machoni."

"Na wewe shahidi, mbona umechelewa? Upepo haukukufikia?"

"Ulinifikia, wazee wangu. Tulikuwa ufuko mmoja, tukingoja upepo mmoja, na ukatujia asubuhi moja. Ila mngoja upepo hushona tanga. Mimi sikuwa nangoja. Mimi nilikuwa nimelala tu."

Watu walicheka hadi wazee wakashindwa kuwanyamazisha, na yeye mwenyewe akacheka. Mtumbwi ukawa wa Tupokigwe siku hiyohiyo. Na wanasema tanga la kwanza alilolishona kwa ajili ya mtu mwingine lilikuwa la Asegelile, naye alikaa karibu yake akimpakia uzi nta, kimya kama mwanafunzi.

Haya, nionyesheni ungo. Maharage safi kabisa, hata kwenye ungo wa Lugano. Na majibu ya mtihani bado hayajatoka, sivyo? Basi kuna kuni za kupasua nyuma ya nyumba, na yale madaftari ya mwaka ujao hayajafunikwa majalada. Msiniulize tena majibu yatatoka lini. Mngoja upepo hushona tanga.