Kete za Marehemu Ndunguru

Hadithi hii mwisho wake sina. Nawaambia mapema, asije mtu akanilaumu.

Kwetu Mbinga, Mwalimu Ndunguru alichonga kete za sataranji kwa mkono wake. Desturi ya klabu ni kwamba bingwa hukaa nazo nyumbani mwaka mzima. Fainali ikiisha sare, zinabaki kwa aliyekuwa nazo. Mwaka jana bingwa alikuwa Mwalimu mwenyewe, na juzi tumemzika.

Safari hii wamefika fainali wawili. Bosko Kinunda ni yatima aliyelelewa na Mwalimu. Ukimtoa marehemu, hakuna anayemfikia. Mzee alipolazwa na ugonjwa, Bosko alikuja kila jioni kucheza naye. Mkono wa mzee uliposhindwa kunyanyua kete, Bosko alimsogezea.

Skolastika ni binti wa Mwalimu. Mchezo anaujua kidogo tu, na kufika kwake fainali kulitushangaza wote. Ndiye aliyemlisha baba yake uji, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Muda wa kujifunza angeutoa wapi?

Wakacheza. Haikupita muda Skolastika kabaki na mfalme mtupu.

"Dada, salimu amri," Bosko akamwambia taratibu.

"Baba hakusalimu amri hata kitandani." Akajifunika uso kwa khanga, akalia.

Bosko akamgusa askari wake kabla hajatazama vizuri. Askari yule alikuwa na hatua moja tu, na hatua hiyo ingemfungia mfalme wa Skolastika kila njia bila kumshambulia. Hiyo huhesabiwa sare. Na Mwalimu alitufundisha kwamba ukigusa, umecheza.

Hakuna aliyeona. Sote tulikuwa tunamtazama binti anavyolia.

"Nimemgusa," Bosko akasema mwenyewe, akamsogeza.

Basi, sare. Skolastika akasema, "Nipeni. Ni kazi ya mikono ya baba yangu."

"Wewe una mama na kaka zako," Bosko akajibu. "Mimi nilikuwa naye yeye tu."

Tuzigawe? Nani atacheza na nusu ya jeshi? Katibu wetu, mtu wa sheria huyo, akasema zirudi kwa aliyekuwa nazo, yaani zikafukiwe kaburini. Roho iliniuma, lakini desturi ndivyo inavyosema.

Nimewaacha ukumbini, sanduku la kete katikati yao, mvua inanyesha, hakuna anayekubali kuondoka kwanza. Mimi nimeshindwa. Haya, nyie mnaonikodolea macho: mngempa Skolastika, mngempa Bosko, au mngechukua jembe?