Viwanja Viwili vya Mzee Lipindi

Asiye na kiwanja hazimi injini.

Hivyo ndivyo shangazi yako alivyokujibu, Tasiana, uliposema kesho unapeleka barua ya kuacha kazi dukani. Ukanuna, ukidhani anakusimanga kwa kuwa hujanunua kiwanja. Na hawa binamu zako wakacheka, wala hawajui wanachekea nini. Kaeni basi. Methali hii haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilitoka kwenye ndege, na mimi bibi yenu nilikuwamo. Ilianza namna hii.

Mwaka ule mafuriko yalikata barabara ya kuja hapa Itepu. Nilikuwa muuguzi wa zahanati, nikatumwa mjini kuchukua chanjo, nikarudishwa kwa ndege ndogo ya viti vinne. Rubani alikuwa Kapteni Ngonyani, kijana mpole asiye na maneno mengi. Kando yake aliketi Mzee Lipindi, mwenye mashine ya kusaga, aliyeomba lifti arudi na mkanda mpya wa mashine yake. Mkanda wenyewe aliuvaa shingoni, asije akaibiwa huko angani.

Mzee Lipindi alikuwa na sheria moja maishani: mashine ikikorofisha, zima kwanza, uliza baadaye. Mteja akichelewa kufungua gunia, anazima. Mashine ikikohoa, anazima. Dizeli yake haikuwahi kuwaka bure hata dakika moja, na mkewe, Mama Otmari, alikuwa akisema kwamba jua lenyewe lina bahati liko mbali.

Tulipoukaribia mto, Kapteni akavuta kishikio cha resi ili injini ipungue nguvu, tuanze kushuka. Hakikuvutika. Akakisukuma, akakivuta tena, akakitikisa. Wapi! Kimenasa, na injini inanguruma kama inapanda mlima. Kwa mwendo ule tusingeweza kutua; tungekipita kiwanja chote na kuishia mtoni kwa mamba. Niliogopa, wala sioni haya kusema. Nililikumbatia sanduku la chanjo nikaanza kuwaomba watakatifu wote niliowakumbuka majina.

"Kuna nini?" Mzee Lipindi akauliza.

"Resi imenasa, mzee."

"Si uzime!"

"Bado."

"Bado nini? Zima!"

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kishikio chekundu, ambacho kwa ujuzi wake wa mashine alishatambua kuwa ndicho cha kukata mafuta. Kapteni akauchapa kofi. Kijana kumchapa mzee! Nami kule nyuma nikasema moyoni, mchape tena.

"Nisamehe, mzee wangu," Kapteni akasema. "Lakini nikizima hapa tunaanguka. Una kiwanja huko chini?"

"Ninavyo viwili!" Mzee Lipindi akapayuka. "Kimoja kiko Ifakara, hati ninayo, na kingine nyuma ya soko! Chukua unachotaka, mwanangu, ila zima!"

"Kiwanja cha kutua, mzee."

Mzee Lipindi akachungulia dirishani. Chini yetu palikuwa na mpunga uliozama, maji, na kiboko mmoja aliyetutazama bila haraka. Akaurudisha mkono wake taratibu, akaukalia.

Sasa, kiwanja cha Itepu kilikuwa kimoja kwa shughuli zote. Ndege ikija, ni cha ndege. Isipokuja, ni cha mpira. Siku hiyo tulichelewa, watu wakadhani hatuji tena, wakaanzisha mechi. Tukawapitia kwa chini, injini ikipiga kelele, Mzee Lipindi akiwapungia mkono uliobaki watoke. Wao wakashangilia! Tukazunguka tukarudi. Wakashangilia zaidi, na golikipa akatupigia sarakasi.

Mara ya tatu, kama tulivyosimuliwa baadaye, Mama Otmari aliyekuwa akiuza vitumbua pembeni alisimama.

"Jamani, hayo si maringo," akasema. "Mume wangu aketi kwenye mashine inayozunguka bure, na asiizime? Kuna jambo. Tokeni!"

Akaingia uwanjani na mwiko wake. Refa alipuliza filimbi kumtoa, naye ndiye aliyechapwa wa kwanza. Tuliporudi mara ya nne, kiwanja kilikuwa cheupe. Hata magoli vijana walikuwa wameyang'oa.

Kapteni akaielekeza ndege, akangoja. Akangoja tena, mimi nimefumba macho. Alipokuwa na hakika kwamba hata bila injini tutafika, akavuta kile kishikio chekundu.

Kukawa kimya. Panga la mbele likasimama. Tukasikia upepo tu, na watu chini wakiguna.

"Washa!" Mzee Lipindi akapiga yowe. "Washa, nakufa!"

"Sasa ninacho kiwanja, mzee," akasema Kapteni, akatutua.

Mama Otmari alifika wa kwanza. Alimpapasa mumewe kichwa hadi miguu, akalia sana, kisha akauliza kama mkanda umefika salama.

Wiki iliyofuata msagaji wa Mzee Lipindi, aliyechoshwa na vumbi, akasema mbele ya wateja kwamba anaacha kazi leo hii. Mzee alimtazama kwa huruma ambayo hatukuizoea.

"Una kiwanja?"

"Sina, mzee."

"Basi mwanangu, asiye na kiwanja hazimi injini."

Foleni nzima ilicheka, na kila mtu akaenda na methali hiyo nyumbani pamoja na unga wake.

Sasa nisikilize, Tasiana. Sijasema usiache kazi. Huyo tajiri wako anayekutukana mbele ya wateja namjua, na ananikera mimi kuliko wewe. Kapteni alizima, nami nikiwamo ndani! Lakini alizunguka mara tatu kwanza. Barua yako iweke pochini. Nenda kazini, na jioni uzunguke kutafuta kazi nyingine. Siku utakapoiona chini yako, nyeupe, itoe hiyo barua, wala usimsikilize atakayekupigia kelele uwashe. Hadi siku hiyo, mjukuu wangu, asiye na kiwanja hazimi injini.