Cheni Alizozitupa Zakayo

"Ukibadili cheni, tazama na ubapa." Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia mama wa bwana harusi leo pale ukumbini. Watu wazima wakacheka, na nyinyi mkacheka kwa kuwafuata. Sasa mmekuja kuniuliza mlikuwa mkicheka nini. Haya, kaeni. Doris, weka hiyo simu chini, haitakimbia. Methali hii si ya mababu wa kale kama mnavyodhani. Imezaliwa hapa hapa kwetu, mimi mwenyewe nikiwepo, na chanzo chake ni hiki.

Kule juu Ikengo, ambako miti ya misindano imesongamana mpaka jua huchelewa kufika chini, aliishi mpasua mbao aliyeitwa Zakayo Mgimba. Alikuwa na msumeno wa injini, mdogo tu, lakini ndio uliomsomeshea watoto na kumwezekea nyumba bati. Kwa wale ambao hamjawahi kuuona kwa karibu, msumeno huo una injini nyuma, na mbele una chuma kirefu chembamba kinachoitwa ubapa. Kandokando ya ubapa kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo huzunguka cheni yenye meno. Cheni ikikaa vizuri, gogo hukatika huku mtu anapiga stori. Ikichomoka, huruka kama nyoka aliyekanyagwa, na mkono au paja la mtu viko hapo hapo karibu.

Sasa msumeno wa Zakayo ulikuwa na tabia hiyo ya kurusha cheni. Kila ulipoirusha, yeye aliing'oa, akaenda nayo mjini Njombe kununua mpya ya kufanana nayo, na akirudi aliitupa ile ya zamani kichakani. Ile mpya ilitulia kidogo, kisha nayo ikaruka. Alimlaani muuza duka, akailaani nchi iliyotengeneza cheni, akawalaani na vijana waliokuwa wakimshikia gogo. Alikuwa mtu mwema, Zakayo, msimwelewe vibaya. Angekupa shati lake. Lakini akishakasirika, masikio yake yalifungwa.

Mimi nilifahamiana naye kwa njia ya ushenga. Nilikuwa mshenga wa mwanawe Nehemia, na si mara moja, mara mbili. Mke wa kwanza wa Nehemia, Faraja, hakumaliza hata misimu miwili ya viazi pale nyumbani. Alirudishwa kwao. Nikatafuta mwingine, binti wa kutoka Makete aitwaye Tusekile, mcheshi, mchapakazi, mwenye sauti ya kuimbia kwaya. Kuku wa ushenga nilimla kwa raha zangu. Mshenga hula kuku wa kwanza, lakini mambo yakiharibika, fimbo ya kwanza ni yake pia.

Basi asubuhi moja nikaitwa Ikengo. Nilipofika, Zakayo alinisalimu "kamwene" akiwa amesimama, na hapakuwa na chai. Kwetu mshenga akiitwa na asipewe chai, ajue anarudishiwa mzigo wake.

"Alasiri tuna kikao," akaniambia. "Ndugu yangu Festo naye atakuja. Yule binti uliyetuletea hafai. Lakini kwanza nisindikize mjini. Msumeno umerusha tena cheni jana, na kesho lori linakuja kuchukua mbao."

Msumeno wenyewe aliubeba mzima siku hiyo, kwa sababu cheni ilikuwa imejipinda na kunasa kwenye gia, ikakataa kutoka. Siku nyingine zote alikuwa akienda na cheni peke yake mfukoni. Tukapanda lori la viazi, msumeno ukiwa kati ya miguu yetu, naye njia nzima akanisimulia makosa ya Tusekile.

Ili muyaelewe makosa hayo, lazima nimtaje marehemu. Mke wa Zakayo, Mama Nehemia, alifariki kabla Faraja hajaolewa. Alikuwa ameliendesha jiko lile maisha yake yote ya ndoa. Aliyapanga mafiga yake matatu kwenye kona, ukuta ukiwa kushoto kwake, kuni kulia. Alipokufa, hakuna aliyethubutu kusogeza kitu. Upawa wake ulining'inia palepale, na kigoda chake hakikukaliwa. Faraja alipoingia kama bibi harusi, alikabidhiwa jiko la mtu mwingine na kuambiwa apike. Akisonga ugali, baba na mwana walitazamana: Mama hakuwa akiulainisha hivi. Akitia chumvi: Mama alikuwa akitia mwishoni. Akiamka alfajiri: Mama alikuwa ameshachemsha maji saa hii. Yule binti alijitahidi mpaka akakonda, na mwisho wakasema ni mvivu na mkaidi.

"Na huyu wa sasa?" nikamuuliza Zakayo.

"Huyu amezidi!" akasema kwa nguvu hadi utingo akageuka. "Ameng'oa mafiga ya marehemu! Ameyahamishia upande wa pili, kana kwamba jiko ni la mama yake. Nimeingia jikoni nikakuta kona tupu. Tupu, mshenga! Nilihisi kama tumemzika mara ya pili."

Nilimwona machozi yanamlengalenga, naye akajifanya ni vumbi.

Duka la spea tulilokwenda lilikuwa la mama mmoja aitwaye Yusta, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimjua Zakayo vizuri, kwa cheni na kwa matusi.

"Baba Nehemia, karibu. Leo umekuja kunitukana au kununua?"

"Nipe cheni, Mama. Na safari hii unipe nzima, si hizo mbovu zako."

"Mbovu zangu. Haya. Lakini leo namwona mgonjwa mwenyewe amekuja." Akauchukua msumeno, akaikwanyua ile cheni kwenye gia kwa bisibisi, akaufungua ubapa na kuufuta mafuta kwa kitambaa. Kisha akatoa cheni mpya kabisa kwenye pakiti, akaipachika kwenye mfereji wa ubapa ule wa zamani, na kuisukuma kwa kidole. Cheni ikalala upande mmoja. Akaisukuma tena, ikalalia upande mwingine.

"Unaona?" akasema. "Mfereji umelika. Umepanuka kwa cheni ya kwanza iliyofanya kazi humu miaka yote. Ile ilikuwa imelika pamoja nao, kwa hiyo walielewana. Ukiweka mpya, haina pa kushikilia. Inayumba, halafu inaruka."

Zakayo akaukodolea macho ubapa kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake. "Kwa hiyo zile nilizokuwa nikinunua..."

"Zilikuwa nzima, Baba. Zote. Kila siku unaniletea cheni, hata siku moja hujaniletea ubapa. Umezipeleka wapi?"

"Nimezitupa."

Yusta akatikisa kichwa, wala hakumcheka, na hilo nilimsifu. Zakayo akauliza kama ubapa ule hauwezi kunyooshwa. Mama akamwambia kwamba ukilika kidogo hupigwa tupa kingo zake zikalingana, lakini ule ulishapita hapo, atafute mwingine. Basi Zakayo akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye ubapa mrefu kuliko yote uliokuwa ukutani.

"Kama ni kununua, nipe huu. Nikate magogo makubwa."

"Huu si wako. Msumeno wako una pumzi ndogo. Ukiupa ubapa mrefu utahema tu, na cheni ndefu hulegea upesi. Utarudi hapa na matusi mapya." Akamtolea mfupi. Akahakikisha vimeno vya chini vya cheni vinaenea kwenye mfereji bila kucheza, na nafasi zake zinalingana na gia. "Hivi vitatu, cheni, ubapa na gia, ni lazima vikubaliane. Usije ukachagua kimoja ukavisahau viwili."

Njia nzima ya kurudi Zakayo alikuwa ameushika ule ubapa wa zamani mapajani, akipitisha ukucha ndani ya mfereji, kwenda na kurudi. Nilidhani anahesabu hasara ya cheni. Kumbe nilikuwa simjui.

Kikao kilianza baada ya sisi kufika. Tulikaa sebuleni: Zakayo, Festo mdogo wake, Nehemia na mimi. Tusekile aliketi mkekani karibu na mlango, mtandio umemfunika mpaka mikononi. Festo alikuwa mtu wa maneno mengi, akaanza yeye.

"Mshenga, sisi hatuna ugomvi na wewe. Binti wa watu tumempokea vizuri. Lakini mtu asiyeheshimu marehemu ataheshimu nini? Tunaomba umrudishe kwao akafundishwe. Wa kwanza alitushinda, na huyu naye ametushinda."

Ilikuwa zamu yangu. Nikamgeukia Tusekile. "Mwanangu, umesikia. Ni kweli umeyang'oa mafiga?"

"Ni kweli, Baba." Sauti yake ilikuwa ndogo, si ile ya kwaya. "Sikuyatupa. Nimeyasogeza tu."

"Kwa nini?"

Akautoa mkono wake wa kushoto kwenye mtandio. Kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, imepakwa asali. "Mimi natumia mkono huu. Pale konani, nikisonga, kiwiko kinagonga ukuta. Juzi chungu cha uji kilinimwagikia. Nikaona nikihamia upande wa pili, nitapika bila kuungua. Sikujua kuwa ni kosa kubwa hivi. Naomba mnisamehe. Kama ni kuyarudisha, nitayarudisha."

Festo akafungua mdomo, lakini Zakayo akamwinulia mkono anyamaze. Akamgeukia mwanawe.

"Nehemia, mkeo alipoungua ulimwona?"

"Nilimwona, Baba."

"Ukamwambia nini?"

Nehemia akainama. Alikuwa kijana mpole, na upole wake ndio uliokuwa ugonjwa wake. "Sikumwambia kitu. Niliogopa nikisema mafiga yasogezwe, nitakuumiza wewe."

Zakayo akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali:

"Festo, nimetupa cheni nyingi sana kichakani. Zote nzima. Leo nimeambiwa hivyo na mwanamke niliyekuwa nikimtukana. Mfereji ulikuwa umezoea cheni ya kwanza, nami nikawa nazilaumu zilizokuja nyuma. Basi sikilizeni. Ukibadili cheni, tazama na ubapa. Nyumba hii imemzoea Mama Nehemia. Ilikuwa haki yake, aliifanyia kazi. Lakini amekwenda. Sisi tumeacha mfereji wake vilevile, tunawatia watoto wa watu humo, wanayumba, wanaungua, halafu tunaita mshenga." Akaivua kofia yake. "Mimi nimekuwa nikimlilia mke wangu kwa kufukuza mabinti."

Hapo akalia, mtu mzima yule mwenye mabega ya kubebea magogo. Hatukumzuia. Hata Festo alivuta kamasi.

Alipotulia alijifuta uso kwa kofia, akamwambia mkwewe, "Mwanangu, mafiga ni yako. Yaweke unapotaka, hata uani. Ubapa wa chuma nimeununua dukani, lakini wa nyumba hauuzwi, huu itabidi tuupige tupa wenyewe. Mimi na Nehemia. Tukianza kusema 'Mama hakuwa akifanya hivi', tukumbushe, wala usituogope."

Tusekile aliinamisha uso kwenye mtandio, akalia. Nehemia aliinuka, akaenda akakaa mkekani kando ya mkewe, mbele ya baba yake na baba yake mdogo, jambo ambalo halikuwa limeonekana katika nyumba ile. Baadaye ililetwa chai. Mimi nikajua kwamba mzigo wangu haurudi.

Mngetaka niishie hapo, kwa sababu ni pazuri. Lakini Zakayo hakuishia hapo. Aliponisindikiza hadi njia panda, alinishika mkono, hakuuachia.

"Mshenga, nina safari nyingine ya kukutuma. Nenda kwa kina Faraja. Nilimwita mvivu mbele ya wazazi wake. Waambie nilikosea. Waambie mtoto wao hakuwa na kasoro."

Nikaenda. Faraja nilimkuta nyumbani kwao, akipukuchua mahindi. Hakuwa ameolewa tena. Nani angemwoa, wakati kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa ni mvivu? Nilimpa ujumbe wote, mbele ya wazazi wake, neno kwa neno, pamoja na habari ya cheni. Mama yake alipiga vigelegele kisha akalia. Faraja mwenyewe aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi.

"Mwambie Baba nimemsamehe," akasema hatimaye. "Lakini mimi mwenyewe, Mzee, nilikuwa nimeshaamini. Kila nikiamka nilikuwa najiambia, wewe mwanamke mbovu, amka."

Watoto wangu, nimekuwa mshenga wa ndoa nyingi, na sijapata kusikia neno lililoniumiza kama lile. Cheni ya chuma ukiitupa kichakani haijiulizi ina ubaya gani. Mtu hujiuliza, na akikosa wa kumjibu, hujijibu vibaya.

Baadaye alipata mume, ndiyo, na nikamla kuku mwingine. Lakini mjomba wenu aliposema maneno yale ukumbini leo, huku bibi harusi akingoja kuingizwa kwenye nyumba ambayo tayari imewaondoa mabibi harusi wawili kabla yake, mimi sikucheka. Nilimwangalia yule binti alivyokuwa akitabasamu, nikamwomba Mungu mama mkwe awe amesikia vizuri: ukibadili cheni, tazama na ubapa.