Kioo Kilichomfumba Mzee Ngole

Ukikinga jicho, usilifumbe. Asubuhi hii hapa studio mmemsikia Skola akimwambia hivyo mama aliyemvalisha mtoto kofia mpaka puani, kisha akataka apigwe picha. Mkacheka, halafu mkaja kuniuliza kama ni methali ya Wabena wa zamani. Si ya zamani. Skola alikuwapo ilipoanza, nami nilikuwapo iliposemwa mara ya kwanza mbele ya watu. Yale ambayo sikuyaona mwenyewe nimeyapata kwake. Chanzo chake ni hiki.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na viti vya mbele katika ukumbi wa usharika hapa Njombe vilikuwa vimesogezwa mpaka dirishani. Siku hiyo Wende Ngole alikuwa anaagwa kwao kabla ya kuolewa. Sendofu kwa kawaida hufanyika jioni, lakini hii iliwekwa mchana kwa ajili ya baba yake, Mzee Yordani Ngole. Mzee alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa mapafu, na daktari alimruhusu kutoka kwa sharti la kurudi wodini kabla ya giza. Alikalishwa karibu na dirisha ili apate hewa.

Mpiga picha alikuwa Obadia Mlowe. Skola alifanya kazi naye. Siku hiyo Skola alishika kamera ya video. Obadia alikuwa fundi mzuri na mtu mwangalifu kupita kiasi. Rimoti ya televisheni nyumbani kwake ilikuwa bado ndani ya nailoni iliyotoka nayo dukani, na vikombe vyake vya wageni havikuwahi kunywewa na mgeni yeyote. Simsengenyi, nyumba zetu nyingi ziko hivyo. Muda si mrefu kabla ya sherehe hiyo alikuwa ameuza pikipiki yake akanunua lenzi ya gharama kubwa. Mafundi picha wa hapa huiita lenzi jicho. Tangu aipate alikwenda kazini kwa miguu, jicho lake likiwa kifuani chini ya koti.

Lenzi ya namna hiyo hufungwa filta mbele, kioo cha duara cha kuizuia isikwaruzwe wala kuingia vumbi. Obadia alikwenda kuitafuta pamoja na Skola. Muuzaji aliweka mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nyembamba, yenye utando unaopunguza mng'ao, na ukiiinamisha ilionyesha rangi ya zambarau kwa mbali. Nyingine ilikuwa kioo kitupu, kinene, chenye pete nzito ya chuma. Obadia alizichukua moja moja, akazipima uzito kiganjani, kisha akazigonga kwa ukucha na kusikiliza, kama tunavyogonga sahani sokoni kujua kama ina ufa. Aliuliza swali moja tu: ipi haivunjiki upesi? Muuzaji alisema ni ile nene, ila akaongeza kwamba ya kuona vizuri ni nyembamba.

"Kuona ni kazi ya lenzi," Obadia akamjibu. "Hii kazi yake ni kupigwa."

Skola alimwambia kwamba anachagua filta kama anayenunua sufuria. Obadia alicheka, akaifunga ile nene palepale dukani.

Mpaka siku ya sendofu ya Wende hakuwa amepiga picha hata moja ya kutazamana na mwanga mkali, kwa hiyo hakuona kasoro. Ukumbini alikuwa na sababu ya kuogopa. Vijana walikuwa na makopo ya povu, wakilirusha hewani kila wimbo ulipobadilika, na lilitua popote. Shangazi walipoanza kuingia na zawadi, wakicheza kutoka mlangoni, Skola aligeuza video kuwaelekea. Kabla ya hapo alimnong'oneza Obadia kwamba dirisha liko mbele yake na jua limeshuka, aivue ile filta.

"Nivue, halafu povu liingie wapi?"

"Hiyo kamera umeivalisha miwani ya babu yako," Skola akasema, akaenda zake mlangoni.

Ndipo Wende alipokwenda kumlisha baba yake keki. Familia ilikuwa imeomba watu wasimsonge mzee wala wasisimame na simu mbele yake, kwa sababu ya pumzi, na watu walitii. Obadia peke yake ndiye aliyesogea. Mzee Ngole hakuweza kumeza keki. Aliiweka mdomoni kidogo, akaitoa kwa leso. Kisha akamwita Obadia karibu, akasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, picha zangu zote nimefumba macho. Ile ya harusi yangu, ya kitambulisho, zote. Leo nimeyakaza macho. Nipige nikiwa namtazama mtoto wangu."

Wende naye alisikia, akacheka. Kwao ilikuwa mzaha wa siku nyingi kwamba baba akiona kamera husinzia. Mzee alimshika mkono, akainua uso, akatazama. Obadia alipiga mfululizo mpaka mzee akachoka na kuinamisha kichwa. Alipokagua kwenye skrini ndogo ya kamera aliona doa la weupe usoni pa mzee. Akadhani ni mng'ao wa dirisha juu ya skrini. Jua halijazama, gari likamrudisha mzee hospitalini.

Mzee Ngole alifariki wiki iliyofuata. Wende alikwenda studio kuchukua picha ya kuweka juu ya jeneza, na hapo ndipo Obadia alipozifungua kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta. Katika kila picha ya mfululizo ule uso wa mzee ulikuwa na ukungu, na bapa la rangi ya majani mabichi limelala juu ya macho yake, mfano wa kope zilizoshuka. Mwanga wa dirisha ulikuwa umegonga lenzi, ukarudi kwenye filta, na kile kioo kitupu kikaurudisha tena ndani. Obadia alijaribu kulipunguza lile bapa. Chini yake hapakuwa na macho ya kurudisha.

Wende aliinama karibu na kompyuta, akatabasamu huku machozi yanamtoka.

"Baba huyu. Kumbe hata siku ile, kamera ikilia tu, alifumba."

Skola ananiambia kwamba hapo Obadia angeweza kunyamaza tu. Hakuna ambaye angeuliza. Familia nzima ingeamini kosa ni la marehemu, kama siku zote. Skola alimtazama. Obadia alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Hakufumba, dada," akasema. "Alifumbua mpaka nilipomaliza. Ni kioo changu."

Alimweleza yote: duka, uzito, povu, na kwamba Skola alimwambia avue. Wende alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna hata moja iliyopona. Hakukuwa nayo. Wende alizipitia tena zote mwenyewe. Halafu akasema jambo ambalo Obadia hakulitegemea.

"Kaka Obadia, mimi nikiwaambia ndugu kwamba alifumbua, hawataniamini. Watacheka. Kaseme wewe msibani."

Msibani nilikuwapo. Juu ya jeneza iliwekwa picha ya harusi ya mzee, macho yamefumba, na wajukuu nyuma yangu wakawa wanaonyeshana. Zamu ya salamu za rambirambi ilipofika, Obadia alisimama. Hakuwa na kamera. Mchungaji akamsogezea kipaza sauti.

"Mnamwona amefumba," akasema. "Siku ya kumuaga Wende alifumbua, akamtazama mtoto wake, akaniomba nimpige hivyo. Niliogopea lenzi yangu isichubuke, nikaifunika kioo nilichokichagua kwa uzito wake. Nililikinga jicho, nikalifumba. Mzee hakusinzia. Aliyefumba ni mimi."

Wajukuu waliacha kunong'ona. Obadia alimgeukia Wende, kisha akatugeukia sisi wenzake wa kazi tuliokaa pamoja.

"Ukikinga jicho," akasema, "usilifumbe."