Kwa Nini Watu wa Chang'an Humega Mkate kwa Vidole

Hadithi hii nilihadithiwa na mzee Ma, Mchina aliyekuwa mpishi kwenye kambi ya reli pale Mlimba, enzi zile wanatoboa milima treni ipite. Mimi nilikuwa nampelekea mchicha. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini hadithi ya kwao aliisema yote. Sogeeni basi, na wewe mpishe mwenzio kwenye mkeka.

Zamani sana, huko kwao, mji mkuu ulikuwa Chang'an. Mfalme alikaa humo, na ukuta wa mji ulikuwa mpana, juu yake mikokoteni inapishana. Ngoma ikilia asubuhi malango yanafunguliwa, ikilia jioni yanafungwa, na ukibaki nje shauri yako. Watu wa mji ule walikula mbiombio. Muuza supu alichukua mkate wao, mgumu kama kigae, akaukata kwa kisu, akamwaga supu ya kondoo juu yake, mtu akanywa amesimama akaenda zake.

Pale lango la magharibi kulikuwa na mwanamke akiitwa Yulan, anauza supu hiyo. Mumewe, Shiduo, alikuwa mwongoza ngamia. Mwaka huo Shiduo alikubali safari ya kupeleka hariri nchi za mbali, miaka mitatu kwenda na kurudi, na hakumwambia mkewe. Yulan akaja kusikia kwa wateja. Hasira zikampanda, akamwambia mbele ya mama mkwe wake, "Nenda, na usirudi."

Huko kwao, wanangu, neno kama hilo msafiri haondoki nalo. Likitoka naye langoni, linamfuata mpaka litimie. Yulan alilijua hilo, na neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku zikapita, hawasemezani, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Mpaka ikafika asubuhi ya safari.

Ngamia walishapakiwa. Shiduo akaja kibandani kunywa supu kama desturi, akakaa. Yulan akashika kisu. Akaona mkate utakatika sasa hivi, supu itanywewa sasa hivi, na mume ataondoka na lile neno. Basi akakitumbukiza kisu kwenye pipa la unga, akasema kisu hakionekani, mkate amege mwenyewe.

Shiduo akamega. Yulan akatazama bakuli, akasema vipande vikubwa, supu haitaingia. Akamega tena. Vikafika kama kunde. Bado vikubwa. Vikafika kama choroko. Vidole vikaanza kumuuma, akaendelea kumega.

Nao wenye misafara walikuwa na mwiko: mtu aliyeshika bakuli haitwi, kwa maana anayeacha chakula nyuma njaa itamkuta jangwani. Kwa hiyo msafara mzima ukasimama kumngoja. Wenzake wakaanza kumtania, mmoja akauliza kama anakula au analisha vifaranga. Mkuu wa msafara, mzee Gao, akasogea na mjeledi wake.

"Shiduo, ngamia wangu wamepiga magoti mara mbili."

"Wapige ya tatu, mzee wangu. Mkate wa leo mgumu."

Ikabaki kipande kimoja. Yulan akaona hakuna pa kukimbilia tena. Akainama kama anapuliza moto.

"Lile neno nililokwambia. Nimelirudisha."

"Neno gani?"

"Unalijua."

Shiduo akamaliza kukimega kile kipande. "Nilikuwa nalingoja tangu nilipoanza kumega," akasema, akamsogezea bakuli.

Yulan akamwaga supu. Shiduo akanywa yote, akafuta mdomo, akaondoka. Vumbi la ngamia likakaa hewani mpaka mchana.

Mwaka wa tatu msafara ukarudi. Yulan akahesabu watu wakipita langoni, akahesabu tena. Mwisho akaja mzee Gao, akakaa pale pale alipokuwa amekaa Shiduo, akaomba mkate. Yulan akanyoosha mkono achukue kisu, Gao akakataa kwa kichwa, akaanza kumega taratibu, vipande vidogo vidogo.

Akasema dhoruba ya mchanga ilimfukia Shiduo jangwani mwaka wa pili. Akasema njia nzima Shiduo alikuwa anamega mkate namna hiyo, kambi nzima inamngoja, wanamcheka, mpaka wote wakazoea wakawa wanamega. "Aliniambia nikikufikia nikwambie," Gao akamalizia, "neno lile hakuondoka nalo."

Yulan akamwaga supu. Kisu hakukishika tena kwa kazi hiyo.

Na tangu siku hiyo, watu wa mji ule humega mkate wao wenyewe, kidogo kidogo, na mwenye duka hamharakishi mtu. Leo mji unaitwa Xi'an. Mfalme hayupo, treni zinapita chini ya ardhi, vijana wanaendesha baiskeli juu ya ule ukuta. Lakini nenda asubuhi, utamkuta mama na binti yake anayesafiri kwenda kazi ya mbali, sanduku liko miguuni, wamekaa wanamega. Hawaulizani saa. Wenye jambo la kusema wanalisema hapo, kabla supu haijamwagwa.

Haya, mliogombana mchana wa leo semezaneni sasa hivi, kisha mkalale.